Baada ya Oktoba 29 nimesoma Dunia Uwanja wa Fujo. Wenye wazee wa Isimani, waliishije baadaye?

Fundi_Mwanjelwa
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mbeya. Siku ya kupiga kura, Oktoba 29, 2025, nilikuwa nyumbani nikasikia watu wananguruma barabarani. Kwa kweli nilidhani ni goli. Tangu Mbeya City ipande Ligi Kuu 2013 na kumaliza msimu ule nafasi ya tatu, sikio langu limezoea hivyo: umati ukilipuka, Koma Kumwanya, yaani City, wamefunga. Halafu ikaja milio mingine, na mwanangu wa kidato cha pili hayumo ndani.

Alirudi saa mbili usiku, kandambili mguu mmoja. Sikumgombeza. Nilimwosha mguu kwa maji ya chumvi, tukakaa.

Intaneti ilipokatwa nikatoa kitabu cha marehemu baba, Dunia Uwanja wa Fujo cha Kezilahabi, jalada kalishona mwenyewe kwa uzi wa gunia. Mwishoni Tumaini anamuua kiongozi wa serikali kwa ajili ya shamba, naye anahukumiwa kifo. Pembeni baba kaandika kwa penseli neno moja: "Isimani".

Habari ya Isimani tunaijua. Krismasi ya 1971, kule Isimani, Dkt. Wilbert Klerruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alipigwa risasi na mkulima Saidi Mwamwindi, na Mwamwindi mwenyewe akaupeleka mwili polisi. Akanyongwa. Nimesoma nikashindwa kumchukia yeyote kati yao, wote nimewalilia.

Ninachotaka kujua ni majirani. Mtaani kwetu nyumba moja ina kijana aliyeandamana barabarani siku ile, ya pili kijana wao ni askari. Mama zao walikuwa wakichota maji bomba moja huku wanacheka. Siku hizi mmoja akitokea, mwenzake anainua ndoo haijajaa. Kule Isimani, nani alianza kusalimia?

Mnyalu_Kihesa
Kamwene fundi. Babu yangu alikuwa kibarua wa trekta kule. Nyumbani kwetu hawakutaja jina la mmoja wala la mwingine, walisema tu "ile Krismasi". Vikaja vijiji vya ujamaa, mwenye trekta na kibarua wake wakajikuta wanajenga vibanda mstari mmoja.

Kwetu alianza bibi. Kulikuwa na jirani aliyesemwa kwamba anapeleka maneno ya watu kwa wakubwa. Akafiwa na mtoto. Bibi akajitwika mzigo wa kuni, akautua uani kwa yule mama, akashika mwiko akaanza kusonga ugali wa msiba. Hakusema neno. Babu alimnunia wiki nzima.

Ticha_Mafinga
Fundi, pole sana na mtoto. Kuhusu kitabu naomba niseme jambo. Kezilahabi ni mtu wa Namagondo, Ukerewe, na riwaya imetoka 1975. Ndiyo, Isimani ilikuwa bado mbichi, ila usiisome kama taarifa ya Isimani. Tumaini kabla ya kulima alitapanya urithi kwa pombe na wanawake. Mwandishi hakumfanya malaika, na hapo ndipo kitabu kinaponiuma kila nikifundisha. Mpe kijana, lakini msome wote wawili, sura kwa sura.

Zambarau_Damu
Mimi sina wazee Isimani, naongea mpira. Msimu wa 2025/26 City tumerudi Ligi Kuu, kwa hiyo dabi na Prisons imerudi. Wale ni timu ya Magereza, na uwanja wa Sokoine tunabanana nao jukwaa moja, tunatukanana dakika 90, tukitoka tunagawana mahindi ya kuchoma. Baada ya Oktoba nilikwenda uwanjani moyo unadunda. Goli lilipoingia watu wawili mbele yangu waliinama kwanza, ndipo wakashangilia. Sijawahi kuona hivyo maisha yangu yote.

Fundi_Mwanjelwa
Zambarau, na mimi ningeinama.

Mnyalu, nimesoma habari ya bibi yako mara tatu. Yule kijana askari aliniletea suruali mwezi wa tisa nimpunguzie kiuno, hajarudi kuichukua, na mimi nimekuwa naisogeza tu chini ya vitambaa. Leo nimeimaliza, nimeipiga pasi. Jioni naipeleka kwa mama yake. Mwanangu kasema atanisindikiza hadi bombani. Kuingia ndani, bado anafikiria.