Milingoti imeota vivimbe kwenye majani, ning'oe?

Kijana wa Igurusi: Wakuu habari za jioni. Niko Igurusi, Mbarali. Disemba nilipanda milingoti nusu eka, lengo mirunda. Sasa majani ya juu yamejikunja, mshipa wa katikati umevimba kama punje za mtama zilizopanga foleni, vingine vyekundu. Duka la pembejeo wakaniuzia dawa, nimepiga mara tatu, 45,000 imekwenda na vivimbe viko vilevile. Wife ananicheka tu. Ning'oe?

Babu Kitalu: Pole mkuu. Weka bomba chini kwanza. Chukua wembe, pasua kivimbe kimoja taratibu, uje utuambie umeona nini.

Kijana wa Igurusi: Nimepasua. Kuna kifunza cheupe, hakina miguu, kidogo mno. Kila kimoja na chumba chake!

Babu Kitalu: Basi huyo ni nyigu wa mlingoti. Akikomaa ana milimita moja na ushee, ukimwona utadhani kisisimizi chenye mbawa. Asili yake Australia; Kenya alionekana 2002, huku naye akafika. Wengi wao ni majike, wanataga bila kuhitaji dume. Yai linachomekwa ndani ya mshipa, halafu mti wenyewe unamjengea mtoto nyumba. Dawa yako iliishia mlangoni. Anakaa humo kama miezi minne na nusu, ndipo anatoboa.

Mama Mirunda: Hata mierebi, ile ya kwenye Biblia, kule Ulaya ina mdudu wa namna hiyo. Yeye akitaga anaacha na majimaji, jani linaanza kuvimba hata kabla yai halijaanguliwa.

Kijana wa Igurusi: Duh. Kwa hiyo?

Babu Kitalu: Using'oe shamba zima. Anayeumia hasa ni mche na machipukizi ya visiki. Kata ncha zenye vivimbe ambavyo havijatobolewa, choma hapohapo, usizibebe kupeleka kwingine. Iliyodumaa kabisa ndiyo uing'oe. Miche ulitoa wapi? Aina za mlingoti ziitwazo kamaldulensi na teretikonisi anazipenda sana, tena kwenye joto kama lenu.

Kijana wa Igurusi: Kitalu cha barabarani. Leo nimepita: iliyobaki kwenye viriba nayo imevimba. Jamaa anasema ni mbolea imekolea.

Mama Mirunda: 😂 Mwachie na wembe.