Fomu inasema "tumekutumia barua", lakini barua ya uthibitisho haifiki: naomba ushauri

MrinaAsali

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninasimamia tovuti ya chama kidogo cha wafugaji nyuki hapa Tabora, iliyojengwa kwa WordPress, programu ya kuendeshea tovuti. Mwezi uliopita tuliweka fomu ya kujiandikisha ili wanachama na wanunuzi wapokee jarida letu la barua pepe, lenye bei za asali na nta. Mtu akijaza jina na anwani, ukurasa unamwambia: "Asante, tumekutumia barua ya uthibitisho, fungua kikasha chako." Waliojaza ni 41, na waliothibitisha ni 6 tu. Wengine wananipigia simu kusema hawajaona chochote, hata kwenye folda ya barua taka, na juzi mzee mmoja alifunga safari kutoka Sikonge hadi ofisini akidhani jina lake limekataliwa. Jambo hilo limeniuma.

Kinachonichanganya ni kwamba nikijaribu kwa anwani za ofisi, zile zinazoishia na jina la domeni yetu, barua inaingia ndani ya sekunde chache, ila kwa anwani za Gmail hakuna kitu. Kwenye sehemu ya mtumaji nimeweka anwani ya Gmail ya chama, kwa sababu ndiyo wanachama wanayoifahamu. Nianzie wapi?

FundiSeva

Pole sana, ndugu. Jaribio la anwani za ofisi ndilo linalokupoteza. Ikiwa tovuti na vikasha vya ofisi vinakaa kwenye seva moja, barua hiyo haitoki nje kabisa. Seva inajikabidhi yenyewe, na hakuna anayehoji imetoka kwa nani. Maneno ya "tumekutumia" nayo yasikupe imani, kwa kuwa WordPress huridhika pale tu seva inapoipokea barua, na yanayotokea baada ya hapo haiyajui.

Ingia kwenye cPanel (ukurasa wa kusimamia seva ya tovuti), fungua sehemu ya kufuatilia barua zilizotumwa, utafute moja iliyokwenda Gmail, kisha utuwekee hapa jibu lililorudi, ukificha anwani ya mwenyewe. Hata kabla ya hapo namshuku mtumaji. Domeni ya gmail.com ni ya Google, na seva ya tovuti yako haimo kati ya seva zilizoruhusiwa kutuma kwa jina hilo. Tangu Februari 2024 Google wanataka kila anayetuma barua kwa watu wa Gmail awe na SPF (rekodi inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la domeni) au DKIM (sahihi ya kidijitali ndani ya barua), na anayetuma 5,000 au zaidi kwa siku awe na zote mbili pamoja na DMARC (rekodi inayomweleza mpokeaji afanye nini na barua isiyopita ukaguzi huo).

DadaWavuti

Naongeza jambo moja dogo. Baadhi ya plagini (programu za nyongeza za WordPress) za majarida hupanga barua kwenye foleni, na foleni hiyo husukumwa na kazi za ratiba za WordPress, ambazo huamka pale tu mtu anapotembelea tovuti. Tovuti ikikaa usiku kucha bila mgeni, barua nazo zinalala. Kwa kuwa barua za ofisi zinafika mara moja, sidhani kama hilo ndilo tatizo lako.

Mkwavi_77

Kwa nini usiondoe uthibitisho kabisa? Mtu akijaza fomu, aingizwe moja kwa moja.

FundiSeva

Hapana, ndugu Mkwavi. Bila uthibitisho, yeyote anaweza kuandika anwani ya jirani yake, na roboti zitajaza anwani za watu wasiowahi kusikia habari za chama hicho. Watu hao wakibofya kitufe cha kuripoti barua taka, sifa ya domeni inaharibika, na hata barua za kawaida za ofisi zitaanza kukataliwa. Zaidi ya hayo, hapa Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kiungo alichobofya mwenyewe ndicho ushahidi mzuri wa ridhaa yake.

MrinaAsali

Nimeangalia. Barua zote za Gmail zimekataliwa kwa namba 550-5.7.26, na maelezo yanasema mtumaji hajathibitishwa. Nimebadilisha mtumaji kuwa anwani ya domeni yetu, nikajiunga na huduma ya kupitishia barua, nikaiunganisha kwa SMTP (njia ya kawaida ya kutuma barua pepe) kupitia poti 587, na nikaongeza kwenye DNS (mahali zinapowekwa rekodi za domeni) rekodi ya SPF waliyonipa. Sasa barua inafika Gmail, lakini kwenye folda ya barua taka. Nilipofungua vichwa vyake, yaani taarifa za kiufundi zinazosafiri na barua, nikakuta maneno "spf=permerror".

FundiSeva

Umefika karibu. Bila shaka kampuni inayohifadhi tovuti yako ilikuwa imekwisha kuweka rekodi yake ya SPF, nawe umeongeza ya pili pembeni. Domeni inaruhusiwa kuwa na rekodi moja tu ya SPF. Zikiwa mbili, mpokeaji hachagui iliyo bora, bali anahesabu zote kuwa kosa, na hiyo ndiyo permerror uliyoiona. Ziunganishe ziwe mstari mmoja unaoanza kwa v=spf1, ukifuatiwa na vipengele vya rekodi ya zamani, kisha include (kipengele kinachoruhusu seva za huduma nyingine) ya huduma mpya, na mwishoni ~all (inayohusu seva nyingine zote zisizotajwa) mara moja tu. Usirundike include nyingi, kwa sababu mpokeaji akilazimika kuuliza DNS zaidi ya mara 10, kosa ni lilelile. Halafu weka rekodi ya DKIM waliyokupa, pamoja na DMARC ya kuanzia yenye p=none, yaani isiyoagiza barua yoyote izuiwe.

MrinaAsali

Nimefanya hivyo jana jioni. Leo asubuhi vichwa vinasomeka "spf=pass", "dkim=pass" na "dmarc=pass", na barua imeingia kwenye kikasha chenyewe. Nawashukuru kwa moyo wote. Je, wale 35 niwathibitishe mimi mwenyewe, au wajiandikishe upya?

DadaWavuti

Usiwathibitishe kwa niaba yao. Plagini nyingi zina kitufe cha kutuma tena barua ya uthibitisho kwa waliobaki katika hali ya kusubiri; kibofye mara moja tu. Kabla ya hapo pitia anwani moja moja, maana kwenye orodha kama hiyo hazikosekani zilizoandikwa "gmial.com" au "gmail.con", na hizo hazitafika kwa rekodi yoyote ya DNS. Hao wapigie simu. Mzee wa Sikonge mpigie wa kwanza, umwambie jina lake halijakataliwa, kisha ubaki naye kwenye simu mpaka aione barua na kubofya kiungo.

MrinaAsali

Nimeiangalia ya mzee sasa hivi. Iko sawa, haina kosa hata herufi moja. Nampigia.