Nimpangie wapi mama mjini Unguja kwa wiki nne za kliniki?

Mwana wa Wete

Assalaam alaykum. Mimi ni mkaazi wa Wete, kisiwani Pemba, na ninaomba ushauri wa wenyeji wa mjini Unguja. Mama yangu, ambaye ana umri wa miaka 71, ametakiwa kuhudhuria kliniki ya macho katika Hospitali ya Mnazi Mmoja mara mbili kwa wiki kwa muda wa wiki nne, kuanzia siku chache baada ya Sikukuu ya Idd el Fitri, wakati ambapo masika yatakuwa yameshaingia. Magoti yanamsumbua, na sasa jicho moja haoni nalo vizuri, hivyo hatembei bila ya kushikwa mkono. Nitafuatana naye mimi pamoja na binti yangu wa miaka tisa.

Hatuna jamaa wa karibu huko ambaye tunaweza kumwelemea kwa mwezi mzima. Tumetenga shilingi laki sita za malazi, na hadi sasa nimepata pahala patatu: chumba cha ghorofa ya pili katika nyumba ya wageni ya Malindi, fleti ya ghorofa ya tatu katika majumba ya Michenzani, na nyumba ya chini yenye ua huko Mbweni, ambayo mwenyewe yuko safarini na anataka ikaliwe na watu waaminifu. Moyo wangu umeelekea Malindi, kwa sababu tutashuka bandarini na kufika kwa miguu, msikiti uko jirani, na soko la Darajani si mbali. Naomba mnieleze kama ninaona sawa, maana nikikosea mimi, atakayeumia ni mama.

Mkaazi wa Mkunazini

Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Nimezaliwa Mkunazini na naupenda Mji Mkongwe kwa dhati, lakini nakuomba usimpandishe mama ghorofa ya pili ya Malindi.

Nyumba zetu hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake ni nene, na sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio uliopanga upana wa vyumba. Katika nyumba nyingi sehemu ya chini ilikuwa duka au ghala, na wenyewe wakaishi juu kwenye upepo. Kwa sababu hiyo chumba cha chini kinachofaa kulala ni nadra kukipata, na hata ukikipata, chokaa hunywa maji ya mvua, kwa hiyo wakati wa masika utaona unyevu ukipanda ukutani na nguo zikipata ukungu sandukuni. Ngazi za kupandia juu nazo mara nyingi zimesimama sana, vidato vyake havilingani, na mwanga wake ni mdogo hata mchana. Mtu anayeona kwa jicho moja hawezi kupima vizuri pa kuweka mguu kwenye ngazi za namna hiyo. Wala usitarajie kuwa mwenye nyumba atazibomoa na kujenga nyengine, kwani mji huu umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2000, na kubadilisha jengo kunahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe.

Kisha kuna njia. Katika vichochoro vyetu gari haliingii. Miaka michache iliyopita marehemu mama yangu alipatwa na homa kali usiku wa mvua, na mimi na kaka yangu tukamkalisha kwenye kiti cha mbao tukakibeba mpaka barabarani, mmoja akishika miguu ya mbele na mwengine mgongo wa kiti, huku maji yakitufika kwenye vifundo vya miguu. Tulipofika, dereva tuliyemwita alikuwa ameshachoka kusubiri na ameondoka. Mchana, njia ile ni mwendo wa dakika nne.

Tena uangalie na ramani. Malindi iko ncha ya kaskazini ya Mji Mkongwe, na Hospitali ya Mnazi Mmoja iko ncha ya kusini, upande wa Vuga. Ukaribu wa bandari utakufaa siku mbili tu, siku ya kuja na siku ya kurudi. Hospitali mtakwenda mara nane.

Jirani wa Mbweni

Ninaishi Mbweni mwaka wa kumi na mbili sasa. Kama mama angekuwa anakuja kupumzika, ningekwambia usitafute pengine, kwa sababu huku kuna utulivu, upepo wa bahari na nafasi ya mtoto kucheza. Kwa kliniki, lakini, mara nane hizo ni safari kumi na sita, na saa ya kwenda ndiyo saa ambayo wafanyakazi na wanafunzi wote wanaelekea mjini, kwa hiyo daladala hujaa na mzee hupata tabu kupanda. Kumbuka pia kwamba katika kliniki ya macho mara nyingi mgonjwa hutiwa dawa ya kupanua mboni ili daktari aone ndani, na baada ya hapo kwa saa kadhaa huona ukungu na mwanga wa jua humuumiza. Mtu aliye katika hali hiyo haifai kusimama kituoni. Utalazimika kukodi gari kila safari, na kile unachokiokoa kwenye kodi ya nyumba utakitoa barabarani.

Mzaliwa wa Michenzani

Nimekulia katika majumba ya Michenzani, ambayo yalijengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Ujirani wake sijauona pengine popote. Ukiugua, mlango hugongwa na watu wa ngazi nzima. Hata hivyo ghorofa ya tatu ni ghorofa ya tatu. Wifi yangu, ambaye ni mdogo kwa mama yako, hupumzika mara mbili kabla hajafika mlangoni kwake.

Ninalokushauri ni kutafuta nyumba ya chini Kikwajuni, ng'ambo ya viwanja vya Mnazi Mmoja. Hospitali iko upande wa pili wa viwanja hivyo, kwa hiyo siku ya jua mnaweza kwenda taratibu kwa miguu, na siku ya mvua gari la kukodi halitakuwa na masafa ya kukutoza pesa nyingi. Sehemu kubwa ya mitaa yake gari hufika karibu na mlango. Kisiwandui nako kunafaa, ila kumejaa pilika za biashara. Usije katika siku zenyewe za sikukuu, kwa sababu viwanja vya Mnazi Mmoja hujaa watoto na familia zao mpaka usiku, na kumpitisha mzee hapo ni kumtesa. Binti yako, bila shaka, angefurahi.

Fundi wa Kikwajuni

Nakubaliana na aliyenitangulia, na nitaongeza yale ambayo madalali hawayasemi. Usilipe nyumba yoyote kabla hujauliza habari za maji. Uliza mfereji unatoka siku ngapi kwa wiki na saa ngapi, na kama kuna tangi, uliza linajazwa kwa pampu au kwa nguvu ya maji yenyewe, kwa sababu linalojazwa kwa pampu huwa tupu umeme ukikatika. Umeme wetu unatoka Tanzania Bara kwa waya unaopita chini ya bahari, na sisi tuliokuwepo baina ya Disemba 2009 na Machi 2010, Unguja ilipokaa miezi mitatu gizani, mpaka leo tukiingia nyumba ngeni tunatafuta kisima kilipo.

Kitazame na choo. Mwenye magoti mabovu anahitaji choo cha kukaa na kitu madhubuti cha kushika, na kama hakuna, fundi anaweza kufunga bomba la chuma ukutani kwa kazi ya nusu siku, mradi mwenye nyumba akubali. Mkishafika, nenda kwa sheha wa shehia husika ujitambulishe, kwa sababu mwezi mzima si ugeni wa siku moja, na likitokea jambo usiku, ni vizuri ajue ninyi ni nani na mmekuja kwa lipi.

Mwana wa Wete

Nawashukuru nyote kwa moyo mkunjufu. Nilimsomea mama maneno yenu jana baada ya sala ya Isha, na alipofika pale kwenye kiti cha mbao aliniomba nirudie, kisha akasema yeye hataki kubebwa. Malindi nimeiacha. Mwenye nyumba wa Mbweni nimemweleza sababu na ameridhika. Nimepata vyumba viwili vya chini Kikwajuni kwa laki sita na nusu, choo cha kukaa kipo, na mwenyewe amekubali lile bomba la chuma lifungwe. Nitavuka peke yangu wiki moja kabla ya Ramadhani kumalizika ili niufungue mfereji kwa mkono wangu na nihesabu hatua kutoka gari linaposimama mpaka mlangoni. Nyumba ina kidato kimoja mbele ya baraza, na hicho bado kinanitia wasiwasi.

Mkaazi wa Mkunazini

Kidato kimoja kinatatuliwa kwa mfuko wa saruji, kama mwenye nyumba ataridhia. Ukivuka, nitafute kwa ujumbe wa faragha kabla hujaonana na mtu mwengine. Baada ya usiku ule tulimnunulia marehemu mama kiti cha magurudumu, naye alikitumia miezi mitano. Kipo stoo, kimefunikwa shuka. Nitayatia matairi upepo, mama akitumie mpaka siku mtakayorudi Pemba.