Mjadala: Vyombo vya Zuhura vina faida gani kwetu sisi wa Ngomeni?

Mkaazi wa Ngomeni:
Ndugu zangu, tujadiliane bila matusi. Marekani na Ulaya zinaandaa vyombo vipya vya kuichunguza sayari ya Zuhura, na vijana wetu wanashangilia kana kwamba wamealikwa. Mimi nikitoka nje naliona jukwaa la San Marco, lililokuwa la kurushia setilaiti, limesimama baharini, nikirudi ndani nakuta maji ya kisima yana chumvi hata chai hainyweki. Tulifaidika nini setilaiti ya Uhuru iliporushwa hapa kwenda Zuhura mwaka 1970?

Mwalimu wa Fizikia:
Bwana, majina yamekuchanganya. Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya yetu, nayo ilibaki ikiizunguka Dunia na kupima miale ya eksirei itokayo mbali angani. Chombo kilichotua Zuhura siku tatu baadaye ni Venera 7 ya Wasovieti, ambacho kilikuwa cha kwanza kutuma habari kikiwa juu ya ardhi ya sayari nyingine, ingawa sauti yake ilikuwa dhaifu na ilisikika kwa dakika 23 tu. Faida ni hii: Zuhura inakaribia kulingana na Dunia kwa ukubwa, lakini hewa nzito ya ukaa imelizuia joto lisitoke, hata ardhi yake ina takriban nyuzi 465, joto la kuyeyusha risasi. Anayetaka kujua hewa hiyo inaweza kuifanyia nini sayari, ushahidi uko pale. Tusiwe kama wazee wa pwani waliodhani kwamba nyota ya alfajiri na nyota ya jioni ni mbili.

Nahodha Mstaafu:
Nimeyasoma yote nikakwama kwenye mstari wa mwisho. Ni wazee gani hao, Mwalimu? Marehemu baba alivua kuanzia hapa hadi Kiwayu, naye alinionyesha nikiwa mtoto kwamba Zuhura ni moja: huonekana magharibi jioni baada ya jioni, ikazidi kushuka, ikapotea siku chache, kisha ikazuka mashariki kabla ya adhana ya alfajiri. Hakushikia njia kwayo kwa sababu haitulii mahali pamoja. Mtu asiyejua hawezi kuwa na hadhari hiyo.

Mjukuu wa Shela:
Shikamoo, Nahodha. Nyanya yangu aliiita Ng'andu, na aliyemwambia Zuhura alijibiwa kwamba hilo ni jina la vitabuni.

Nahodha Mstaafu:
Marahaba, mjukuu wangu. Nyanya yako alisema kweli, lakini baba alisema Zuhura na hakuwa na kitabu hata kimoja chomboni.

Mjukuu wa Shela:
Basi tuwaachie wazee majina yao. Nilichosoma mimi ni kwamba karibu kila mlima na bonde la huko limepewa jina la mwanamke, isipokuwa machache, na miongoni mwa hayo ni Maxwell, safu ya milima iliyo mirefu kuliko yote, yenye kimo cha kilomita 11 hivi. Hata huko mwanamume amepewa kilele.

Mwalimu wa Fizikia:
Maxwell alistahili, bibie, kwa kuwa kazi ya mwanafizikia huyo juu ya mawimbi ya sumakuumeme ndiyo msingi wa rada, na bila rada, kama ile ya chombo cha Magellan kilichoanza kuichora ardhi ile mwaka 1990, mawingu ya asidi yangeendelea kuificha. Nahodha, mgandamizo wa hewa ya huko ni sawa na kuzama mita 900 baharini. Venera 13 ilivumilia dakika 127 mwaka 1982, na Wasovieti wakaliona hilo kuwa ushindi.

Mkaazi wa Ngomeni:
Nakiri kosa langu la Uhuru. Je, kisima?

Nahodha Mstaafu:
Kisima kitajadiliwa Mwalimu akishaliondoa neno "waliodhani".