Nimepigwa na fundi wa kutega fuko: kalipwa saba, bustani bado inachimbwa

Wakuu, habari za asubuhi. Nina hasira, mnivumilie.

Niko Tengeru, Arusha. Mbele ya nyumba nimepanda nyasi za pasipalamu, kieneo kidogo tu, hatua ishirini kwa kumi na tano. Mwezi uliopita vikaanza vifusi. Unalala bustani iko kama zulia, unaamka kuna vilima vitatu vya udongo mbichi na nyasi zimekauka mstari mzima, mizizi imeliwa kutokea chini. Ukikanyaga, mguu unazama.

Nikaelekezwa kampuni moja ya kuua wadudu, jina silitaji. Akaja fundi na pikipiki, ovaroli, buti, begi la mitego ya chuma. Tukakubaliana elfu thelathini ya kuja na kutega, halafu elfu kumi kwa kila fuko nitakayemwona kwa macho. Nikajiona mjanja, nalipia kazi inayoonekana!

Siku ya kwanza kaniletea watatu mlangoni. Siku ya pili wanne. Laki moja ikatoka, mke wangu ananiangalia tu hasemi kitu.

Siku ya tatu asubuhi, vifusi viwili vipya. Kimoja kimeota juu ya alama ya buti lake.

Nikaenda shimo la taka nilikowatupa. Wawili walishaanza kutoa funza, na "wametegwa jana". Wote saba wana mkato mwembamba kiunoni, manyoya yamekatika kuzunguka mwili. Huo ni waya wa kitanzi, wanaotumia vijana wa mashambani. Yeye kategea chuma! Nikafukua mitego yake: mmoja haujafyatuka, wa pili haujafyatuka, wote vile vile, safi kama umetoka dukani, hata unyoya mmoja hakuna.

Nikampigia. "Bosi, fuko wanazaana sana." Usiku mmoja?

Babu jirani yangu, ametega fuko kwenye migomba tangu ujana wake, alicheka mpaka akakaa chini. Kaniambia fuko wa huku anaishi peke yake, handaki lake ni lake, mwingine akiingia ni vita. "Saba hapa? Si wangeshauana, mwanangu." Akanionyesha pia kwamba fundi alichomeka mitego ndani ya vifusi, na kifusi ni jalala tu, fuko anasukumia udongo pale na kuondoka. Njia yake iko pembeni, chini. Babu alichoma choma ardhi na kijiti mpaka kikazama chenyewe, akafukua, akaliacha tundu wazi. Fuko hapendi upepo wala mwanga uingie kwake, lazima aje kuziba. Akija anakuta kitanzi, kimefungwa kwenye fito iliyokunjwa. Anarushwa juu. Kazi imeisha.

Yaani nimenunua fuko wa shamba la watu, elfu kumi kila mmoja, na wangu hajaguswa.

Nyongeza kwa mnaocomenti nimwage oili chafu au petroli kwenye tundu: simwagi, nina kisima hapo hapo. Na wewe unayesema niue minyoo kwanza ili fuko wakose chakula, hiyo ni ya fuko wa Ulaya, wale wanakula minyoo. Hawa wetu ni ndugu wa panya, wana meno ya rangi ya chungwa yanatokeza hata mdomo ukiwa umefungwa, na wanakula mizizi. Ukiua minyoo umeharibu udongo wako bure.

Babu kategea jana jioni. Bei yake elfu tano, na namwona fuko akiwa bado kwenye kitanzi, tundu lile lile.

Saa moja asubuhi hii yule fundi kanitumia ujumbe: "Bosi wamepatikana wengine wawili, niwalete?"

Wamepatikana wapi, na geti nimefunga mimi?