Dawa ya ADHD (mtoto kushindwa kutulia na kukaza akili): tubaki na Ritalin, twende Concerta ama tujaribu Strattera? Mtoto hali wala halali

mama_wa_Tudor
Asalaam alaikum wazazi wenzangu. Naomba msaada maana Alhamisi tunarudi kwa daktari na sijui nitamwambia nini. Mwanangu anameza Ritalin tangu muhula uliopita, shuleni wanamsifu, anakaa kitini, anamaliza kazi, ticha wa hesabu alinipigia mwenyewe kuniambia. Nyumbani sasa ndio balaa. Chakula hataki, usingizi mpaka saa sita saa saba usiku, na jioni anakuwa mkali, kitu kidogo analia, anampiga dadake. Amekonda mpaka mamangu ananiuliza kwani humlishi mtoto. Daktari katupa njia tatu tukafikirie: tubaki na hii ipunguzwe, ama twende kwa ile ya mara moja kwa siku (Concerta), ama tuache hizi tujaribu Strattera. Babake yeye anataka tuache zote, anasema ni utundu tu. Waliopitia, ipi afadhali?

BabaMapacha_Mikindani
Waalaikum salaam. Mama, umeeleza yote isipokuwa yale yanayotakikana. Ana miaka mingapi? Kilo ngapi? Miligramu ngapi na anameza SAA NGAPI? Na hiyo Ritalin ni kile kidonge kidogo cha kawaida ama ni kapsuli ya LA, ile ya kutoa dawa polepole? Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa.

pwanidamu
Mnyang'anye simu, mpunguzie mabuyu na soda, utaniambia. Sisi Majengo hapa Mombasa tulikua hakuna cha ADHD, kulikuwa na bakora ya ustadhi na tulinyooka.

shangazi_Zu
@pwanidamu walionyooka ni wewe, na wale waliotoroka chuo (madrasa) na shule wasirudi tena je? Ama hao huwahesabu. Na sukari haileti ADHD, hilo lilishachunguzwa zamani, mabuyu yataharibu meno tu.

mama_wa_Tudor
Samahani nilikuwa jikoni. Ana miaka minane, gredi ya tatu. Kilo sina hakika, kama 22 hivi? Ni kile kidonge kidogo cha miligramu 10, kimoja asubuhi nyumbani, kimoja mchana anapewa shuleni.

BabaMapacha_Mikindani
"Kama 22 hivi" haitoshi dada, mpitishe kwenye mizani kabla ya Alhamisi. Strattera hupimwa kwa uzito, na kama ameshuka kilo daktari lazima ajue kutoka ngapi mpaka ngapi.

shangazi_Zu
Hapo pa "anapewa shuleni" ndipo nilipochoka mie. Wacha nikwambie yangu, ni ndefu kidogo. Kijana wangu alianza na hiyo hiyo fupi. Shule siitaji. Dawa ilikuwa inakaa kwenye droo ya sekretari, maagizo ni saa sita mchana akishakula. Basi yule mama ana shughuli zake, mara mzazi kaja kulipa fizi, mara simu, mara katoka kwenda benki, anakuja kukumbuka kengele ya mwisho ikilia. Mtoto anamezeshwa dawa saa tisa begi liko mgongoni! Nasi nyumbani hatuna habari. Usiku macho kodo, anahesabu boriti za dari, anaamsha nyumba nzima, saa nane anauliza kama kumekucha. Mama mkwe akasema huyu kashikwa na jini, akaletwa mtu kumsomea, akaandikiwa kombe la zafarani (aya zinazoandikwa kisha zikaoshwa kwa maji) akanywa, na mie kwa ule uchovu nikakubali maana kombe halimdhuru mtu. Wapi! Daktari naye akaanza kuzungumzia dawa ya usingizi juu ya ile. Mpaka siku moja namuogesha namuuliza leo umekula nini shule, ananijibu "sikula, nilipewa dawa pale getini nikipanda basi." Getini! Kesho yake nilikwenda ile shule buibui nalivalia njiani. Tulipohamia Concerta anameza kwangu mie, saa kumi na mbili asubuhi, sekretari hahusiki. Usingizi ulirudi, si wote, lakini ulirudi. Kwa hivyo mie ni Concerta mpaka kesho. Na wewe kabla hujabadilisha chochote muulize mtoto mwenyewe anapewa saa ngapi, usiulize shule.

mama_wa_Tudor
Subhanallah. Sijawahi kumuuliza. Nitamuuliza leo akitoka chuo.

fatma_kizingo
Na kitu kimoja kuhusu Concerta, ganda lake halisagiki tumboni, linatoka zima chooni. Mie nililiona nikampigia daktari usiku nikidhani dawa haijayeyuka, akacheka. Dawa yenyewe huwa imeshatoka ndani kidogo kidogo. Ndio maana kile kidonge hakivunjwi, hakisagwi, hakitafunwi. Ukikisaga kwenye uji umempa ya siku nzima kwa mpigo mmoja. Kama mtoto hawezi kumeza kizima basi muulize daktari ile kapsuli ya Ritalin LA, hiyo hufunguliwa ukamnyunyizia kwenye chakula baridi kijiko kimoja.

BabaMapacha_Mikindani
Shangazi shida yako ilikuwa sekretari, si Ritalin. Concerta inafanya kazi masaa kama 12. Jumamosi mmelala mpaka saa tatu, ukimpa saa hizo basi saa tatu ya usiku ndio inaisha, sasa huyo atalala saa ngapi? Kwa mtoto asiyelala singekimbilia huko. Wangu mmoja wa mapacha akiwa kwa hizi alianza kupepesa macho na kurusha bega, hakuna kutulia, daktari akatuhamishia Strattera. Hii si ya kuchangamsha ubongo kama hizo mbili, haina kupanda na kushuka, kwa hivyo ule ukali wa jioni ulikwisha na bega likatulia. Lakini mjue mnaingia wapi. Kwanza ni subira, inachukua wiki nne mpaka sita ndio uone sawasawa, mke wangu alitaka kuitupa. Pili huiruki Jumamosi na Jumapili, ni kila siku. Tatu tumbo tupu usithubutu, kuna siku alikunywa strungi (chai kavu) peke yake akameza, alitapika ndani ya matatu mpaka makanga akatushusha Changamwe, nauli hatukurudishiwa.

kalamu_ya_bamburi
😂😂 pole sana bro, nauli ya Changamwe ilipanda hata hivyo

nesi_mstaafu
Nimesoma yote. BabaMapacha umesahau la muhimu: kwa Strattera wazazi huonywa waangalie sana hisia za mtoto wiki za mwanzo, kama anajitenga, ana huzuni, anasema maneno ya kutaka kufa, usingoje siku ya kliniki. Na macho yakiwa manjano au mkojo wa rangi nzito kama koka, hospitali mara moja, ni nadra lakini ini linaweza kuguswa. Hata hiyo nayo hupunguza hamu ya kula kwa watoto wengine, isichukuliwe kwamba ukihama tu basi ataanza kubomoa sinia.

Mama wa Tudor, ile hasira ya jioni mara nyingi ni dawa inapoisha mwilini. Kile kidonge kifupi kazi yake ni masaa kama manne tu. Andika kwenye daftari: saa aliyomeza, saa aliyokula, saa alipoanza kulia, saa aliyolala. Daktari akiona hiyo atajua kama ni dozi kubwa au ni saa tu. Kimo, uzito na presha vipimwe, na mapigo ya moyo. Kama kuna mtu katika ukoo alikufa ghafla akiwa kijana kwa sababu ya moyo, mwambie daktari hata asipouliza. Na babake asimkatishe dawa kimya kimya, azungumze na daktari naye.

shangazi_Zu
Chakula ni hivi shoga, cha mchana sahau, hatakula. Mpe KABLA ya dawa. Mie naamka alfajiri, mahamri na mbaazi za nazi, yai, maziwa mazito, ndio kidonge kinafuata. Halafu saa mbili tatu usiku dawa imeisha anarudi mwenyewe jikoni anafunua masufuria, hapo usimwambie jikoni kumefungwa. Uji wa wimbi wenye siagi ya karanga.

fatma_kizingo
Mbona hakuna anayesema pesa? Concerta ni ghali na hupati popote. Famasi ya kwanza haiko, ya pili iko ya 36 na wewe umeandikiwa 18, ya tatu inatoka Nairobi na basi, rudi Ijumaa. Na ni dawa ya kudhibitiwa, picha ya cheti cha daktari kwenye simu hawataki. Ukibadilisha hakikisha kwanza inapatikana. Hata Uingereza mwaka 2023 walikosa, dadangu alikuwa akihangaika huko.

kalamu_ya_bamburi
Shemeji yuko Dubai si anaweza kuleta?

fatma_kizingo
Mwambie shemeji asijiponze. Hizi za kudhibitiwa huko zina vibali, atakuja kuzuiwa na ndege imuache.

pwanidamu
Yaani mtoto wa miaka minane anameza dawa ya kudhibitiwa na mnaniambia mimi ndio niko nyuma.

BabaMapacha_Mikindani
Dripu zenye morfini pia zinadhibitiwa ndugu yangu, ukivunjika mguu utakataa?

pwanidamu
Mguu unaonekana.

mama_wa_Tudor
Msigombane jamani. Nimemuuliza. Anasema anapewa "baada ya P.E." na P.E. (kipindi cha michezo) kwao ni kipindi cha mwisho siku tatu za wiki. Nimebaki mdomo wazi. Uzito ni 20 na nusu, mizani ya famasi. Sasa sijui kama tatizo ni dawa ama ni saa, na babake amesoma hii yote yuko upande wa @pwanidamu. Na je, huko chuo? Siku zisizo na P.E. ikifika saa kumi dawa haiko mwilini, ustadhi analalamika hatulii kwenye juzuu, juzi kamrudisha nyumbani.

nesi_mstaafu
Peleka hilo la P.E. kwa daktari kama lilivyo, kabla ya kuchagua dawa mpya.

shangazi_Zu
Chuo ndio hoja ya Concerta hiyo!! Inafika mpaka magharibi.

BabaMapacha_Mikindani
Ama mbadilishe chuo. Watoto hamsini chumba kimoja, wote wanasoma kwa sauti, hata mimi singetulia.

mama_wa_Tudor
Kuna anayejua chuo chenye watoto wachache upande wa Tudor ama Kizingo, ustadhi awe na subira?

kalamu_ya_bamburi
Kiko kimoja Bombolulu, vikundi vidogo vidogo, ila ni wikendi pekee. Nikutumie inboksi?

fatma_kizingo
Nitumie na mimi