Machimbo ya zamani ya matumbawe: miti ya asili inakauka

Mlinda_Kaya: Habari wadau. Wanakijiji wamejitolea kurudisha msitu kwenye machimbo, pwani ya Kenya. Chini ni mwamba mtupu. Miche ya mbambakofi na mvule inageuka njano, kisha inakauka. Tuanzie wapi?

Kitalu_Pwani: Mmeanza na miti ya kupandwa mwisho. Pale kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, Mombasa, mtaalamu René Haller alianza kurudisha msitu mwaka 1971, akajaribu aina 26, zikapona tatu tu, mvinje ukiwemo. Mvinje hulishwa naitrojeni na bakteria wa mizizini. Kwa hiyo kitaluni changanyeni kwenye kila kiriba (kifuko cha mche) konzi moja ya udongo kutoka chini ya mvinje mkubwa, la sivyo utadumaa. Majani yake hayaozi upesi. Kule Bamburi walileta jongoo, wakayatafuna, na kinyesi chao kikawa mboji. Jongoo hao waokoteni mvua zikianza.

Mlinda_Kaya: Lakini mvinje si msitu tunaoutaka.

Kitalu_Pwani: Ni mlezi tu. Mboji ikifika kina cha kiganja, punguzeni mivinje mwanga uingie, ndipo mpande mbambakofi.

Mama Shamba: Naongeza, ndugu zangu. Umanjano huo ni chokaa: inazuia chuma kufika kwenye majani. Chimbeni mashimo sm 60 kwa 60 kiangazi, kwa mtaimbo, jazeni udongo wa juu na samadi iliyoiva. Pandeni masika yakishakolea. Chaneni kiriba chote, mizizi iliyojizungusha ikatwe. Halafu jihadharini na mbuzi! Gaweni miche kwa kaya, kila kaya ijue ya kwake ya kuzungushia miiba na kumwagilia hadi vuli.